Tusiwafungie wazazi mlango wa nasari

MAMA mmoja wa umri wa miaka 26 alikuja katika kliniki yangu hapa Nairobi akilalamika kuwa kichwa kinamwuma mchana na usiku. Alikuwa amekwisha kumeza kila dawa ya maumivu aliyouziwa katika duka la dawa la mtaani kwao, na hakuna iliyomfaa. Nilimpima presha, haikuwa na neno. Nilimwangalia macho, masikio na shingo, sikuona kasoro. Nilipomwuliza ana watoto wangapi alijibu kwa sauti ya chini, "Hakuna, daktari," nami nikaandika hivyo katika kadi yake. Ni wakati nilipotaka kumsikiliza kifua ndipo nilipoona kwamba blauzi yake ilikuwa imelowa maziwa.

Niliweka kalamu chini nikamwuliza upya. Alinieleza kwamba wiki mbili zilizotangulia alikuwa amejifungua mtoto wa kike, mimba ikiwa ya wiki 29. Mtoto alichukuliwa mara moja akapelekwa katika kitengo cha watoto wachanga walio mahututi, naye mama akapelekwa wadi ya waliojifungua. Yule mtoto aliishi siku sita. Katika siku hizo mama alimwona kupitia kioo, akampelekea maziwa katika kikombe kila baada ya saa tatu, lakini hakuwahi kumshika hata mara moja. Asubuhi ya siku ya saba alifika mlangoni na kikombe chake, akaambiwa na mtu ambaye hakumtazama usoni, "Wewe wa kitanda cha nne, usilete tena."

Hivyo ndivyo alivyopata habari za kifo cha mwanawe.

Sitaitaja hospitali hiyo, kwa sababu kufanya hivyo kungekuwa kuionea. Visa vya aina hii nimevisikia kutoka hospitali za umma na za kibinafsi, za mji huu na za miji mingine. Nia yangu leo ni kumweleza msomaji jambo ambalo sisi wahudumu wa afya tunalijua vyema lakini hatulitendi: kwamba wazazi wa mtoto mchanga aliye mahututi ni sehemu ya matibabu yake. Wao si wageni wa kupangiwa saa za kuingia na kutoka. Na muuguzi anayewahudumia kwa utu hafanyi hisani, bali anafanya kazi yake.

Wale ambao hawajalazimika kuingia huko yafaa waelezwe mahali penyewe palivyo. Wakenya wengi hupaita nasari, nami sina maana ya nasari ya shule. Ni chumba chenye joto jingi, chenye taa za rangi ya samawati za kutibu umanjano, na mashine ambazo hulia kila mara hata mtu akazoea asizisikie. Watoto hulazwa katika inkubeta, kile kisanduku cha kioo cha kuwatia joto, na katika hospitali nyingi zetu utakuta wawili au watatu katika kimoja. Wengi wao ni watoto njiti, yaani waliozaliwa kabla ya wiki 37. Wengine walikosa hewa wakati wa kuzaliwa, na wengine wameambukizwa viini katika damu.

Hawa si wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka wa 2022 ulionyesha kuwa kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai nchini Kenya, 21 hufariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Hiyo ni takriban nusu ya vifo vyote vya watoto walio chini ya umri wa miaka mitano. Kwa hivyo, msomaji, ikiwa jambo hili halijafika nyumbani kwako, huenda limefika kwa dada yako au kwa jirani, naye hakukwambia.

Nao wauguzi? Nimewahi kuingia katika nasari ya hospitali moja ya umma usiku nikakuta muuguzi mmoja na watoto 18. Nchini Uingereza kiwango kilichowekwa na chama cha wataalamu wa matibabu ya watoto wachanga ni muuguzi mmoja kwa kila mtoto anayehitaji uangalizi wa hali ya juu. Sitaki kulinganisha mfuko wetu na wa Waingereza, lakini ni vyema msomaji ajue jambo hili kabla sijaanza kulaumu, maana muuguzi anayewatunza watoto 18 peke yake hana dakika ya kumtazama mtu usoni. Aliyesema "usilete tena" huenda alikuwa amesimama kwa saa 12 bila kunywa hata chai. Hilo haliondoi kosa, ila linatuonyesha lilikoanzia.

Hapo ndipo penye kinyume cha kushangaza. Huku wauguzi wakiwa hawatoshi, nje ya mlango kuna akina mama 18 wenye mikono miwili kila mmoja. Na hao tayari wanafanya kazi. Mtoto njiti hulishwa kila baada ya saa tatu, yaani mara nane kwa siku, usiku ukiwemo. Mama aliyepasuliwa tumbo juzi huamka saa tisa za usiku akajikokota huku akishika ukuta, akakamua maziwa, akayapeleka, akarudi. Aliyeruhusiwa kwenda nyumbani huku mtoto akibaki hana kitanda tena, basi hulala juu ya benchi, au hupanda matatu alfajiri kutoka Kayole au Kawangware ili awahi maziwa ya saa kumi na mbili. Tunachukua maziwa yake. Kisha tunamfungia mlango.

Watu wengi, wakiwemo madaktari wenzangu, hudhani kuwa huruma ya muuguzi ni tabia ya kuzaliwa nayo: fulani ana moyo mzuri, fulani ni mkali. Mimi sikubaliani nao. Kuhudumia kwa huruma ni ufundi kama ufundi wa kutia sindano katika mshipa wa mtoto wa kilo moja. Una hatua zake, hufundishwa, na asiyeujua anaweza kuujua.

Chukua mfano wa dakika ile mtoto anapozaliwa. Ikiwa anapumua vyema kiasi cha kuweza kusubiri nusu dakika, mkunga anaweza kumwinua mama amwone uso na kumgusa kabla hajakimbizwa. Ikiwa hapumui, mtu mwingine amwambie mama wazi: "Mtoto wako amezaliwa, hapumui vizuri, tunamsaidia, nitarudi kukwambia." Halafu arudi kweli. Mama aliyelala pale mezani akiona watu wanakimbia bila neno hufikiri mambo mabaya kuliko yaliyopo, na fikira hizo hukaa naye miaka.

Au chukua jina. Katika nasari zetu mtoto huandikwa kwa jina la mamake, "mtoto wa fulani", na baada ya siku mbili huitwa kwa nambari ya kitanda. Muuguzi anayeuliza, "Mmempa jina gani?" na kuliandika kwenye kipande cha plasta juu ya inkubeta amefanya matibabu bila senti moja. Najua zipo jamii ambazo huchelewa kumpa mtoto jina mpaka ionekane ataishi. Hizo ziheshimiwe, lakini mzazi aulizwe, tusimwamulie.

Halafu kuna zile nyaya na mirija. Mzazi anapoingia mara ya kwanza huona mtoto wa ukubwa wa kiganja akiwa na mpira puani, mwingine mdomoni, dripu mkononi na plasta kifuani. Wengi hurudi nyuma. Baba mmoja mwenye mwili mkubwa, dereva wa trela, aliwahi kuniambia kwamba miguu ilimwisha nguvu akakaa sakafuni. Muuguzi mwenye ujuzi hutangulia kumweleza mzazi mlangoni atakachokiona: huu wa puani ni wa oksijeni, huu wa mdomoni ni wa maziwa, hii sauti ikilia si kwamba amekufa. Kisha humwonyesha pa kuweka mkono. Mtoto njiti hapendi kupapaswapapaswa, humchosha. Anachopenda ni kiganja chenye joto kilichotulia, kimoja kichwani na kingine miguuni. Na azungumze naye. Mtoto wa wiki 29 husikia, na sauti anayoijua kuliko zote ni ya yule aliyembeba tumboni.

Sijaandika haya kwa sababu mimi ni msafi. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi baada ya chuo kikuu nilikuwa katika hospitali moja kubwa mbali na hapa. Siku moja mtoto alifariki nikiwa zamu, nami nilikuwa nikisubiriwa katika chumba cha upasuaji. Nilimkuta baba yake katika ujia, kijana wa umri wangu, ameshika chupa ya chai na shali mpya ya rangi ya manjano. Nilimwambia huku nikitembea, "Pole mzee, mtoto hakuweza kuendelea." Akaniuliza, "Naweza kumwona?" Nikamjibu, "Ongea na sista."

Sista mwenyewe alikuwa mwanamke mzee aliyebakisha miaka michache kustaafu. Nilipotoka upasuaji baada ya saa mbili nilimkuta yule kijana angali pale, ameketi kwenye kiti cha sista ndani ya ofisi yake ndogo, amempakata mtoto aliyefunikwa ile shali ya manjano. Mirija yote ilikuwa imeondolewa na mtoto ameoshwa uso. Sista alikuwa amesimama kando, hasemi kitu. Mama wa mtoto, aliyekuwa hajiwezi kwa homa, alikuwa ameletwa kwa kiti cha magurudumu.

Walipoondoka aliniita. "Daktari, mwanangu," akasema, "ile habari umeitoa kama mtu anayetaja bei ya nyanya."

Alinifundisha mambo ambayo sikuyapata kwa profesa yeyote. Kwanza tafuta viti, kwa maana mtu aliyesimama anaambiwa habari mbaya na mtu anayetaka kuondoka. Uliza anajua nini tayari. Usiseme "ameenda" wala "ametuacha" kwa mzazi wa mtoto mchanga. Sema "amefariki", kwa sababu yeye sista alikuwa amewahi kumwona baba akizunguka wadi hadi wadi akimtafuta mtoto aliyeambiwa kuwa "ameenda". Ukishalitamka neno, nyamaza. Ukimya utakuchoma, uache ukuchome. Na usiwe wewe wa kwanza kuinuka.

Nimeyatumia mafunzo hayo hadi leo, na mara nyingi nimeyasahau pia.

Sasa turudi kwa ule mlango. Msomaji anaweza kusema kwamba haya ni mambo ya moyo tu, na kwamba kazi ya hospitali ni kuokoa maisha kwanza. Basi tuzungumze juu ya kuokoa maisha.

Mwaka wa 1978 hospitali moja ya Bogotá, nchini Colombia, ilikuwa na upungufu wa inkubeta kama tulio nao sisi. Daktari Edgar Rey aliamua kuwapa akina mama watoto wao njiti wawabebe kifuani, ngozi kwa ngozi, ndani ya nguo, kama vile kangaruu anavyombeba mwanawe. Mwaka uliofuata, huko Tallinn nchini Estonia, Daktari Adik Levin naye alikabiliwa na uhaba wa wauguzi. Aliwaingiza akina mama hospitalini usiku na mchana wawatunze watoto wao wagonjwa, nao wauguzi wakawa walimu na wasimamizi. Madaktari wa Toronto nchini Canada baadaye waliichukua fikira hiyo wakaifanyia majaribio, na utafiti wa vituo 26 vya Canada, Australia na New Zealand uliochapishwa mwaka wa 2018 ulionyesha kuwa watoto waliotunzwa na wazazi wao wodini waliongeza uzani vizuri zaidi, na wazazi walikuwa na wahaka mdogo zaidi.

Ushahidi ulio mzito kuliko wote ulitoka karibu na kwetu. Mwaka wa 2021 zilichapishwa habari za utafiti uliofanywa katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Ulihusu watoto zaidi ya 3,000 waliozaliwa na uzani wa kati ya kilo 1 na kilo 1.8. Nusu yao walitunzwa kwa njia ya kawaida: mtoto nasari, mama kwingine, na kubebwa kifuani kukangoja mpaka hali ya mtoto itulie. Nusu nyingine walibebwa kifuani tangu mwanzo, bila kungoja, na vitanda vya mama vikawekwa mle mle ndani ya kitengo cha mahututi. Katika lile kundi la kwanza watoto karibu 16 kati ya 100 walifariki katika siku 28. Katika kundi la pili walikuwa 12. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba utafiti ulikatizwa kabla ya wakati wake, kwani haingekuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. Shirika la Afya Duniani lilibadilisha maagizo yake mwaka wa 2022, na likapendekeza pia kwamba jamaa washirikishwe katika utunzaji wa kila siku wa watoto hao wakiwa hospitalini.

Hakuna dawa mpya iliyotumika pale. Kilichoongezwa ni mama na kitanda chake.

Hospitali kadhaa nchini zina vyumba vya kumbeba mtoto kifuani, na wanaovisimamia nawapongeza. Lakini katika nyingi mama huruhusiwa humo baada ya hatari kupita. Wakati wa hatari yenyewe, anapohitajika zaidi, bado yuko nje na kikombe chake.

Ukiuliza sababu utaambiwa ni viini. Hoja hiyo si ya kudharauliwa, kwa kuwa maambukizi huua watoto hawa upesi sana. Hata hivyo, viini vikali zaidi vya hospitali husafiri kwa mikono yetu sisi wahudumu, tunaotoka kwa mtoto huyu kwenda kwa yule, na mama hushika mtoto mmoja tu. Avue pete na saa, anawe kwa sabuni hadi kwenye viwiko, na mwenye kikohozi au jipu asubiri nje. Karai, maji yanayotiririka na sabuni vitafaa kuliko kufuli. (Nasari isiyo na maji ya bomba ina tatizo kubwa kuliko wageni, na ziko.)

Utaambiwa pia hakuna nafasi. Hiyo ni kweli zaidi. Lakini kiti cha plastiki kando ya inkubeta hakihitaji jengo jipya.

Sharti moja ni lazima nilitaje, maana naijua serikali yetu. Mama asigeuzwe kuwa kibarua wa bure wa kuziba pengo la wauguzi ambao hawajaajiriwa. Tangu mwaka wa 2013 huduma za afya ziko mikononi mwa kaunti, na mwaka wa 2017 wauguzi wa hospitali za umma waligoma kwa takriban miezi mitano; wanaojiuliza kwa nini wauguzi wengi wanatafuta kazi ng'ambo wana jibu. Mama hawezi kujua kipimo cha dawa wala kutambua mapema kwamba mtoto anaacha kupumua. Anamhitaji muuguzi aliye na nafasi ya kumfundisha. Na muuguzi aliyefiwa na watoto watatu katika zamu moja, kisha akatarajiwa kuanza zamu ya kesho kana kwamba hakuna lililotukia, naye anahitaji mtu wa kumwuliza, "Wewe je, u hali gani?" Sijaona hospitali nyingi zinazofanya hivyo. Mtu ambaye hakuna anayemhurumia hatimaye hufunga moyo ili aweze kuendelea na kazi, nasi tunamwita mkali.

Kuhusu baba sina mengi ila malalamiko. Baba katika nasari zetu huhesabiwa kuwa mtu wa kulipa na kuleta nepi. Humwona mtoto dakika chache alasiri, kama askari wa mlangoni hajaamka vibaya. Mzee mmoja Mwislamu aliyehamia hapa kutoka Mombasa alinisimulia jinsi mjukuu wake alivyokufa siku ya pili bila kuadhiniwa sikioni, kwa kuwa baba hakuruhusiwa kuingia. Adhana haichukui hata dakika tano. Ile familia bado inalia kwa sababu hiyo. Vivyo hivyo kwa Mkristo anayetaka mtoto abatizwe kabla hajakata roho. Muuguzi asingoje kuombwa. Aulize.

Wakati kifo hakiepukiki tena, wazazi waambiwe mapema, kwa lugha wanayoielewa, na wapewe nafasi ya kumpakata mtoto angali hai. Wapo wanaoogopa, wasilazimishwe. Ila mara nyingi nimesikia mzazi akijuta kwamba hakumshika. Aliyejuta kwa kumshika sijakutana naye bado.

Nasi tulio nje ya hospitali tuna makosa yetu. "Utapata mwingine." "Mungu alimpenda zaidi." "Afadhali ameenda mapema kabla hujamzoea." "Usilie, utaharibu uzazi." Msomaji, ukienda kumwona mama huyo, hayo yote yaache nyumbani. Huyu hakuwa akingoja mtoto yeyote tu. Alikuwa akimngoja huyu, na alikwisha kumzoea kwa miezi saba. Sema pole, taja jina la mtoto kama lipo, peleka chakula, ufue nguo. Na usiwahi kuzitoa zile nguo za mtoto nyumbani kabla hajarudi, kama mashangazi wengi wafanyavyo kwa nia njema. Ni zake, atazitoa mwenyewe siku akitaka.

Pia mtu amwambie habari za maziwa, maana hospitali husahau. Maziwa hayajui kwamba mtoto amefariki. Yatajaa, matiti yatauma, na nguo zitalowa mbele ya watu. Avae sidiria inayombana kiasi, aweke kitambaa cha maji baridi, na akamue kidogo tu ili kupunguza maumivu, akipunguza siku hadi siku mpaka yakauke. Titi likiwa jekundu na homa ikapanda, aende hospitali. Wapo akina mama wanaopenda maziwa hayo yamsaidie mtoto mwingine. Hospitali ya Kina Mama ya Pumwani ilifungua benki ya maziwa ya mama mwaka wa 2019, ya kwanza nchini. Hilo nalo aulizwe kwa upole na wala asihimizwe.

Ikiwa baada ya wiki kadhaa halali hata akichoka, hali, hataki kuoga, au anasema afadhali naye afe, hayo si majonzi ya kawaida tena. Ni ugonjwa, na una matibabu. Baba naye hupatwa na ugonjwa huo, ila yeye huuficha katika pombe.

Na kuhusu bili: mnamo Septemba 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwazuilia hospitalini akina mama waliojifungua kwa sababu ya deni ni kuvunja haki zao za kikatiba. Deni lidaiwe kwa njia za kisheria. Kumfungia mama aliyefiwa katika wadi moja na akina mama wanaonyonyesha ni ukatili usio na jina, na bado unafanyika.

Ukiwa na mtoto nasari leo, usione haya kumwuliza muuguzi: Mtoto wangu ana ugonjwa gani? Ninaweza kumshika lini? Ni nani nitakayemwuliza usiku? Uliza kwa heshima, ukimwita sista, naye akiwa na kazi mkononi msubiri amalize. Wengi watakujibu vizuri. Nimewaona wauguzi wakichanga pesa zao kumnunulia mama asiye na jamaa uji na kanga ya kumbebea mtoto kifuani, na hawa ni wengi kuliko magazeti yanavyosema.

Yule mama wa maumivu ya kichwa alirudi kwangu mara nne. Sikumpa dawa nyingi. Nilimsikiliza, nikampeleka kwa mshauri nasaha, na mara ya pili akaja na mumewe, ambaye alikuwa hajajua kwamba mkewe hakuwahi kumshika mtoto. Kila mmoja alikuwa akimficha mwenzake ili asimwumize. Kichwa kiliacha kuuma polepole.

Mara ya mwisho kadi yake ilikuwa imejaa, nikafungua nyingine. Nilipofika pale pa idadi ya watoto nilianza kunakili kama ilivyokuwa katika kadi ya kwanza. Alinizuia mkono.

"Daktari, andika mmoja," akasema. Kisha akanitajia jina lake, nami nikaliandika.